Msemaji Bora

Mwanangu Mitchelle alikuwa na mdomo. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu watu wa Garsen wakinisimulia mtoto wangu mwenyewe wanaanzia kwenye nywele. Wamekaa pale sokoni, nywele, nywele, nywele. Hawana kazi? Alikuwa na mdomo huyo! Ukimwambia osha vyombo, anakuuliza kaka zake wamevunjika mikono lini. Mchungaji akimaliza mahubiri, yeye anamngoja mlangoni na swali. Nilikuwa nampigia kelele, "We mtoto, utaniua na hayo maneno yako," halafu nikigeuka nacheka peke yangu. Nilijua huyu atakuwa wakili. Nilikuwa nishamwona amevaa lile joho lao jeusi, anawatoa watu jasho mahakamani Malindi.

Mimi ni mpishi wa shule yao. Mahindi na maharagwe, kila siku ya Mungu, kwa kuni za mathenge ambazo miiba yake imenimaliza vidole. Kwa kazi hiyo mwanangu alisoma bila kudaiwa karo. Ndivyo nilivyopatana na prinsipali, Bwana Fondo. Ni Mgiriama mwenzangu, suruali yake imenyooka pasi hata siku za mafuriko. Watu wanasema ni mpole kwa sababu hapazi sauti. Mimi nasema Mungu aniepushe na mtu asiyepaza sauti.

Muhula wa pili alileta sheria mpya. Nywele ziwe nyeusi, rangi yoyote ni marufuku, hata hina. Hina jamani! Hapa kwetu, ambako kila harusi ya Waorma na kila Idd hina inasagwa mpaka mkono unauma. Wasichana wa Kiorma hawakutishika sana, wao wana hijabu, na hakuna mwalimu mwenye wazimu wa kufunua kichwa cha binti wa watu. Wa kushikwa walikuwa wale wa kichwa wazi. Wetu, basi.

Na Mitchelle alikuwa na hina. Alipakwa siku ya Idd, nyumbani kwa kina Qabale, rafiki yake anayekaa naye dawati moja. Kwa yale matuta aliyosuka, ndani ya darasa usingeona kitu. Ni akitoka juani ndipo wekundu unapojitokeza. Nilipouona nilimvuta nyuma ya jiko.

"Kaa kivulini, mwanangu," nikamwambia. "Mtihani wa kidato cha nne huo unakuja. Kaa kivulini mpaka uishe."

"Kwani jua ni la prinsipali, Mama?"

Nilimpiga na kitambaa cha sufuria, akakimbia akicheka.

Basi Alhamisi moja Bwana Fondo akawakusanya wote bwaloni baada ya chakula. Alisema kuna mdahalo, na mada ni wanafunzi wachague wenyewe rangi ya nywele zao. Mimi nilikuwa palepale kwenye dirisha la kupakulia, mwiko mkononi, nasikia kila neno.

"Nasikia mnanung'unika vyooni," alisema kwa ile sauti yake ya mgonjwa. "Si vizuri. Mtu mzima hunung'unika mbele za watu. Leo kuna uhuru wa kujieleza hapa. Nawapa neno langu, hakuna atakayeadhibiwa kwa neno lolote atakalosema. Na msemaji bora atapata zawadi."

Nikamkazia macho Mitchelle, nikamtikisia kichwa kumkanya, thubutu! Aliniona vizuri sana, akageuza uso.

Mvulana mmoja wa upande wa kupinga alisoma karatasi ndefu juu ya nidhamu, wenzake wakapiga miayo. Kisha mwanangu akasimama. Salaale! Hakuwa na karatasi. Aliweka mikono nyuma kama mtu anayengojea mgeni wake, akaanza.

"Sheria inasema rangi ya nywele inaharibu masomo. Haya. Mtihani wa majaribio nani alikuwa wa kwanza?"

"Wewe!" wakaitikia.

"Hesabu?"

"Wewe!"

"Insha?"

"Wewe, Mitch! Wapasulie!"

Akatembea taratibu mpaka mlangoni, mahali jua la saa nane linapoingia, akainamisha kichwa. Matuta yote yakawaka.

"Tazameni basi. Hina, tangu Idd. Nionyesheni hesabu iliyoliwa na hina."

Bwalo likalipuka. Watoto walipiga meza, Qabale alipanda juu ya benchi akapiga vigelegele, walimu wawili walificha vicheko kwa daftari zao. Na mimi, mama mtu, niliyekuwa nimejaa hofu mpaka kooni, nilijikuta nimeinua mwiko juu nashangilia. Nilijivuna, nasema wazi. Nilijivuna vibaya sana.

Bwana Fondo naye alipiga makofi. Alipiga mpaka wengine wote wakaacha, akabaki anapiga yeye peke yake.

"Hongera," akasema. "Msemaji bora ni Mitchelle, hilo halina ubishi. Na neno langu ni neno langu. Sitamwadhibu kwa lolote alilosema." Akanywa maji kidogo. "Lakini nywele hakuzisema. Amenionyesha."

Akazigeukia meza za wanafunzi.

"Nani mwingine anakubaliana naye? Asimame tu. Ni uhuru."

Watoto mia na ushee, wale wale waliokuwa wakipasua meza, wakaangalia vidole vya miguu yao. Qabale akateremka kutoka kwenye benchi polepole, akaketi, akavuta hijabu yake mbele. Nyoo! Hata leo nikimwona njiani namwitikia salamu kwa shida, ingawa najua ni mtoto, na najua aliogopa baba yake asije akasikia.

"Mitchelle," prinsipali akaendelea, "umetufundisha kwamba kichwa ni cha mwenyewe. Nimekubali. Sasa chagua mwenyewe. Nywele hizo zikatwe hapa, au uende nyumbani ukae mpaka ziote nyeusi zote."

Kwenda nyumbani ni kukosa mtihani, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mwanangu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae sikusikia kitu kikitoka.

"Zikatwe," akasema mwishowe.

"Vizuri. Mama Mitchelle, njoo na mkasi. Wewe ndiye mzazi wake, sitaki ionekane mwalimu amemgusa mtoto."

Mkasi wenyewe ni ule wa kufungulia magunia ya mahindi, butu, una kutu kwenye skrubu. Niliingia nao bwaloni na aproni yangu ya masizi. Nilifika mbele yake, nikalishika tuta moja, na vidole vikakataa. Nikamgeukia yule mtu.

"Sikati. Kata wewe, kama mama yako alikuzaa uje kunyoa watoto wa watu."

Hakukasirika hata kidogo. Laiti angekasirika.

"Basi na wewe umechagua, Mama Mitchelle. Weka funguo za stoo mezani uende nyumbani na binti yako."

Nilizitoa hizo funguo. Haki ya Mungu nilizitoa, nikazitupa mezani zikalia. Ningekwenda kuuza samaki Minjila, ningelima, ningefanya lolote. Lakini Mitchelle akaunyoosha mkono.

"Leta, Mama."

"Mwanangu, twende zetu."

"Nimesema leta."

Akaunyakua mkasi kutoka mkononi mwangu. Alikata tuta la kwanza, halikukatika, akalisaga na ule ubutu mpaka likaanguka. Akashika la pili. Alijikata juu ya sikio, damu ikashuka shingoni kwenye kola nyeupe, naye hakusimama. Hapakuwa na kioo, kwa hiyo alikuwa anapapasa na kukata, anapapasa na kukata, mpaka kichwa kikabaki mabaka mabaka. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti kama mwenye msiba. Yeye hakulia.

"Mmeona wote," Bwana Fondo akasema. "Hakuna aliyemlazimisha. Ameamua mwenyewe, kwa mkono wake. Huo ndio uhuru wa kujieleza. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Na Qabale akapiga. Mwanangu akapewa zawadi yake, kamusi mpya ndani ya nailoni, akaipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante mwalimu. Prinsipali alinisukumia funguo zangu mezani, akaniambia watoto watahitaji chai saa kumi.

Nilirudi jikoni. Ndiyo, nilirudi, maana mtoto alikuwa amelipa kwa kichwa chake ili nirudi, ningeitupa kazi hiyo mbele ya macho yake?

Nyumbani nikamngoja anitukane. Nilimchokoza makusudi. Nikamwambia aoshe vyombo vya kaka zake wote pamoja na masufuria, akaosha. Nikamwambia kanga yake mpya nampa binamu yake, akasema ni sawa, Mama. Nikapandwa na hasira nikamtikisa mabega, "Niulize kwa nini! Niulize!" Akaniangalia tu akisubiri nimalize. Kila kitu kikawa ni sawa, Mama.

Mtihani ulipokaribia akaja mgeni kutoka ofisi ya elimu, Hola, bwana mmoja mchangamfu mwenye kitambi. Wanafunzi wakakusanywa bwaloni. Aliwauliza kama wana malalamiko juu ya sheria za shule, waseme bila woga. Bwana Fondo akatabasamu, akasema, "Mitchelle, wewe ni msemaji wetu."

Akasimama. Nywele zilikuwa zimeota, fupi, nyeusi kabisa. Nikashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Sema, mwanangu. Nilikuwa namwombea kimoyomoyo, mlipue, nifukuzwe leo hii, sijali, sema!

"Hatuna malalamiko, mheshimiwa," akasema. "Sheria zetu ni nzuri. Ukikosa unapewa nafasi ya kuchagua."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Namjua mwanangu, kejeli yake huanzia kwenye pembe ya mdomo. Nikatafuta, nikatafuta tena. Hapakuwa na kitu.

"Vizuri sana!" mgeni akasema. "Na ukimaliza shule unataka kuwa nani?"

"Chochote mtakachoona kinanifaa, mheshimiwa."

Mgeni akafurahi mno. Akauliza mama wa binti huyu mwenye adabu ni nani, wakamwonyesha dirishani. Akaja mpaka pale, akanipa mkono, akaniambia hongera mama, umelea.