Oili Nzito ya Marehemu Apolinari

Filomena hakuwahi kushika usukani maishani mwake, lakini gari lilikuwa lake. Mumewe, Apolinari, alilichukua likiwa bovu kutoka shamba moja la mkonge, akalifufua kwa mikono yake uani kwao Ukonga, akalijengea bodi ya mbao, akawa anabeba mihogo na mkaa wa majirani hadi sokoni Kariakoo. Homa ilipomchukua, watu walidhani mjane atauza. Hakuuza. Alimpa Polikarpo, mdogo wa marehemu, aendeshe, naye akakaa kando yake kila safari, kapu mapajani, sikio kwenye injini.

Sharti lake lilikuwa moja tu: aina ya oili isibadilishwe. Apolinari alimimina oili nzito siku zote, ile inayoteremka kwenye kopo taratibu kama asali ya baridi, na Filomena alitaka hivyo hivyo.

Kisha vita vikaja, na petroli ikawa ya mgao. Ikifika mwisho wa mwezi, gari lilisimama uani, kuku wakalala chini yake.

"Shemeji," Polikarpo alimwambia asubuhi moja, akijifuta jasho baada ya kuzungusha hendeli ya kuwashia injini, "oili hii inatula. Injini inahangaika kuikoroga kwanza, ndipo izungushe magurudumu. Tukiweka nyepesi, mgao huu huu utatubakizia safari moja au mbili kwa mwezi."

"Na injini yenyewe?"

"Itachakaa mapema. Sikufichi."

"Basi tuiache ilivyo. Kaka yako alisema chuma kwa chuma havipatani, mpatanishi wake ni oili. Mpatanishi mwembamba hufukuzwa."

Polikarpo hakubishana. Alimheshimu shemeji yake, na alijua kwamba mle ndani ya injini Filomena hakuwa anatunza chuma tu.

Mwisho wa mwezi ule petroli ilikwisha kama kawaida, na wanawake wa Ukonga wakaenda sokoni kwa miguu. Filomena naye alijitwika kapu akafuatana nao. Mbele yake alitembea jirani yake Margareta, mimba kubwa, mihogo kichwani. Walipofika Kipawa, Margareta alitua mzigo, akaketi kwenye vumbi la barabara, akanyoosha miguu iliyovimba hata vifundo havionekani.

"Tangulieni, dada," alisema. "Mie napumzika kidogo tu."

Hakuna aliyetangulia. Waligawana mihogo yake, wakamwegemeza kwenye kivuli cha ukuta mpaka alipopata nguvu. Sokoni walifika wateja wamekwisha kutawanyika.  Njia nzima ya kurudi Filomena alikuwa akiliwaza gari lake lililolala uani na injini nzima ndani, na miguu ile ya Margareta.

Kulipokucha alimwita Polikarpo. "Weka hiyo nyepesi."

Gari lilibadilika. Hendeli ilizunguka bila kelele, na mwezi ulipokaribia kwisha bado petroli ilikuwamo. Margareta alipanda mbele kwenye kiti cha Filomena, na Filomena akakaa nyuma juu ya magunia. Mtoto alipozaliwa, wa kike, alianza kusafiri nalo akiwa bado mchanga.

Lakini kaskazi ilipoingia na joto likapanda, Filomena alisikia kitu. Ulikuwa mlio mdogo wa kugonga, tok, tok, chini kabisa ya injini, kila walipopanda kilima. Polikarpo alikuwa amekwisha kuusikia. Sindano ya geji ya oili ilikuwa ikishuka kila injini ilipochemka. Siku moja, wakirudi kutoka mjini, sindano ililala kabisa na mlio ule ukawa wa nyundo.

"Zima," Filomena alisema.

Walilivuta kwa kamba, wakisaidiwa na lori la mkaa, hadi Chang'ombe kwa fundi Salumu, aliyekuwa rafiki wa Apolinari tangu ujana. Salumu alifungua injini, akatoa beringi moja moja, akazipanga juu ya gunia. Zilikuwa zimelika, nyingine zimepasuka.

"Kosa ni langu," Polikarpo alisema. Hakumtazama shemeji yake.

"Uliniambia itachakaa, nami nikakubali," Filomena alimjibu. "Usibebe peke yako."

Salumu alikuna kidevu, kama mtu anayepima aseme au anyamaze. Mwishowe akasema, "Bibi Filomena, beringi hizi zililegea tangu Apolinari yu hai. Nilimwambia zibadilishwe, akasema bado hajaweza. Ndiyo maana akaanza kumimina nzito, izibe nafasi. Nyepesi ingefaa injini iliyokaza. Hii ilikuwa imeshachoka. Hakutaka ujue, usije ukakosa usingizi kila akisafiri."

Filomena aliketi juu ya tairi kuukuu. Kumbe lile alilolishika kama wasia lilikuwa kiraka tu. Alitaka kumkasirikia Apolinari, akashindwa. Alimwona akimimina oili ile huku akimchekea, akificha hofu yake ili yeye alale. Machozi yalimtoka, Polikarpo akajitia kutafuta spana.

Kazi ilichukua wiki kadhaa, maana vipuri havikuwa vikipatikana na Salumu alilazimika kuyeyusha madini ya beringi na kuyakwangua kwa mkono. Muda wote huo wanawake wa Ukonga walimbebea Filomena sehemu ya mihogo yake vichwani, kwa zamu, bila kuombwa. Margareta alimbebea zaidi ya wote, mtoto mgongoni.

Injini ilipofungwa, Salumu aliuliza, "Sasa niweke ipi?"

Polikarpo alimtazama shemeji yake, akangoja.

"Imekaza?" Filomena aliuliza.

"Imekaza."

"Weka nyepesi. Kaskazi ikirudi tutaweka nzito, na safari tutapunguza, wapande wasioweza kutembea."

Walipotoka Chang'ombe sindano ilisimama juu, imetulia. Polikarpo aliendesha kitambo, kisha akauliza, "Unadhani kaka angekubali?"

"Angesikiliza injini kwanza," Filomena alisema. "Punguza mwendo, kuna mashimo."

Gari liliwabeba hivyo hadi vita vikaisha, na miaka mingine baada ya hapo.