Mama Mkubwa wa Ng'ambo ya Mto

Mama na dada yake hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na moja, kwani mama mkubwa aliolewa ng'ambo ya mto, nchi jirani. Pasipoti ya mama ilikuwa imekwisha muda, basi nikampeleka kwenye hoteli ndogo iliyo ukingoni mwa mto huo, mahali ulipo mwembamba, baada ya kupatana na mama mkubwa kwa simu aje upande wake.

Asubuhi, ukungu ulipopanda milimani, tukamwona mama mkubwa amesimama upande wa pili.

"Umenenepa!" mama akapaza sauti.

"Na wewe umeziba masikio? Nakuita tangu saa moja!"

Mwenye hoteli akatuletea viti na chai mpaka karibu na maji. Wakaongea hadi adhuhuri, sauti zikawakauka kwa kucheka. Jioni mama aliniambia tu, "Kesho tuamke mapema, mwanangu."