Kishikio cha Bibi Tabitha

Elisifa alitua mzigo wa majani ya mpunga nje ya zizi, akajinyoosha polepole kama mtu anayeogopa kuvunjika. Tangu alfajiri alikuwa Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga huko tambarare, akikusanya majani hayo, kwa kuwa huku juu kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na ng'ombe hawana habari na kiangazi. Gari la mizigo lilimshusha barabarani, na kutoka pale hadi nyumbani kwao Old Moshi ni kupanda tu. Njia nzima alitamani jambo moja, nalo ni kuketi.

Aliingia ndani, akamwamkia mama mkwe wake, Bibi Tabitha, na kabla hajaketi macho yake yakatua kwenye maikrowevu iliyokuwa juu ya kimeza kifupi kando ya kigoda cha bibi. Kishikio cha mlango wake kilikuwa kimezungushiwa kamba ya mgomba, na kamba hiyo imekazwa kwa fundo lile lile ambalo wanawake wa mlimani hufungia mizigo ya majani.

"Mama, hiki kimekuwaje?"

"Kimelegea chenyewe," alijibu Bibi Tabitha kutoka kwenye kigoda chake. "Vitu vya plastiki hivi. Nimekifunga, kinafaa."

Elisifa alikivuta kidogo. Kishikio kikabaki mkononi mwake, pamoja na kamba na fundo. Ilimbidi aingize ncha ya kisu ubavuni mwa mlango ndipo ukafunguka. Ndani, mtori wa ndizi wa mchana ulikuwa bado kwenye bakuli, umepoa na kuota ngozi juu.

"Hukula, mama."

"Sikusikia njaa."

Elisifa aliketi, lakini hakupumzika. Maikrowevu hiyo ililetwa Krismasi na Rachel, binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam, baada ya kanga ya Bibi Tabitha kushika moto katika jiko la kuni. Moto ulizimwa upesi, ila habari zilifika Arusha kwa Eliezeri, mtoto wa kwanza wa bibi, naye akasema neno lake: siku mama atakapokosa namna ya kupasha chakula bila kusogelea moto, atamchukua akaishi naye mjini. Bibi Tabitha hakutaka kusikia habari hiyo. Kwa desturi yao, nyumba ya baba hubaki kwa mtoto wa mwisho, na mama huzeekea humo, karibu na kaburi la mumewe katikati ya migomba. Mtoto wa mwisho ni Sifael, mume wa Elisifa. Lakini Sifael ni mwongoza watalii, na wiki hiyo alikuwa mlimani na wageni wake. Kwa hiyo nyumba ya baba, mama, ng'ombe na majani ya ng'ombe vyote vilikuwa juu ya mgongo mmoja.

Na Eliezeri alikuwa anakuja Jumamosi.

Usiulize kama Elisifa hakuwahi kuwaza ingekuwaje bibi akienda. Aliwaza. Aliwaza hasa akiwa na mzigo kichwani, kisha akaona aibu, akaendelea kupanda.

Kesho yake, baada ya kukamua, aliitwaa ile kamba ya mgomba, akainyoosha juu ya matundu mawili ya kishikio mlangoni na kupiga fundo penye kila tundu. Akateremka mjini hadi kwa Basili, fundi mwenye kibanda si mbali na hospitali ya Mawenzi. Basili aliigeuza kamba ile mara mbili.

"Mama yangu, umeniletea kipimo au umeniletea ng'ombe?"

"Ng'ombe nimemwacha nyumbani. Nitafutie kishikio kinacholingana na mafundo hayo."

"Wenzako hupiga picha kwa simu."

"Picha haioneshi urefu. Tafuta, baba, nimechoka."

Basili alicheka, akapekua rundo la maikrowevu zilizokufa, akipima kamba juu ya kila mlango. Kilichopatikana kilikuwa cheupe, na mlango wa nyumbani ni mweusi.

"Kitaonekana kama jino la bandia," alisema Basili, "ila kitashika. Sasa nisikilize. Uchomoe waya ukutani kwanza. Skrubu zinaingilia upande wa ndani, zimefichwa na fremu ya plastiki, ibandue taratibu. Usitoboe tundu jipya hata moja, na usifungue bodi. Mlango usipofunga sawasawa, usiiwashe."

Jioni Elisifa alifanya hivyo hivyo. Alichomoa waya, akaibandua fremu kwa mgongo wa kisu, akaingiza skrubu na kuzikaza kwa bisibisi mpaka kiganja kikamuuma. Alipourudisha mlango ulifunga barabara. Bibi Tabitha alikitazama kishikio kipya kwa muda mrefu.

"Cheupe," alisema.

"Cheupe, mama. Ndicho kilichopatikana."

Jumamosi Eliezeri alifika na gari lake, viatu vinang'aa, akiwa na mkate, sukari na sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Shikamoo, mama. Chumba chako Arusha kiko tayari. Nimenunua hata godoro."

"Marahaba, mwanangu. Godoro ni jema, lalia wewe. Karibu mtori."

Bibi Tabitha alifungua maikrowevu kwa vidole viwili, bila kuinuka, akaweka bakuli na kubonyeza. Ilipolia alilitoa likifuka mvuke, akamkabidhi mwanawe. Eliezeri alikula. Alipomaliza, aliikagua maikrowevu kwa macho.

"Mama Rachel," akamwambia Elisifa, "naona mmejitahidi. Haya, mama, nisindikize mpaka kwenye gari. Nikuone unavyotembea."

Bibi Tabitha alikaza miguu chini. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kishikio cheupe, na goti lake likausogelea mlango na kuuzuia usifunguke. Juu ya maikrowevu palikuwa na kitambaa cha kufuma kinachoteleza, hapakuwa na pa kushika. Ni kishikio tu.

Hapo ndipo Elisifa alipoelewa. Hakuna kilicholegea chenyewe. Bibi alikuwa akijiinua kwa kishikio kile kila siku, huku wenzake wakidhani bado ana miguu.

Alijua pia skrubu zile zimeshika plastiki. Zingebeba mlango, lakini zisingembeba mtu. Kama angekaa kimya pale alipo, kishikio kingeng'oka mbele ya Eliezeri, na jambo lote lingekwisha bila yeye kutamka neno. Mama angekwenda Arusha. Jumatatu Elisifa angelala mpaka jua litoke. Aliuona usingizi huo kama mtu anavyoona maji.

Kisha akachuchumaa kando ya kigoda, kana kwamba anaokota bakuli. Bega lake likawa mahali kishikio kilipo. Mkono wa bibi ulisita, ukaacha plastiki, ukashika bega. Ulikuwa mzito kuliko mzigo wa majani. Wakainuka pamoja, bakuli mkononi mwa mmoja, nao wakatoka hadi kwenye gari, wameshikana kama wanaokwenda kanisani.

Gari lilipoteremka, Bibi Tabitha alisema, "Uliona."

"Niliona."

"Ungeweza kuniacha nianguke."

"Nilitaka kukuacha, mama." Elisifa hakuwa na nguvu ya kusema uongo. "Kwa nini hukuniambia habari za miguu?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ukirudi umebeba. Ukiondoka unakwenda kubeba."

Zizini ng'ombe mmoja alianza kulia.

"Sifael akishuka tutamwambia," alisema Elisifa. "Na shemeji naye ataambiwa. Akitaka kukusaidia, anitafutie mtu wa kuleta majani. Hayo nitamwambia mimi, si wewe."

"Atakasirika."

"Na akasirike."

Alichukua panga, akaenda mpakani mwa kihamba, lile shamba lao la nyumbani, akakata mti wa mringaringa wenye unene wa mkono. Aliubandua gome, kisha akauchimbia kando ya kigoda, kwenye sakafu ya udongo ambayo Sifael amekuwa akiahidi kuitia saruji tangu Rachel yuko shule ya msingi. Akashindilia mawe kuuzunguka, akautikisa. Haukutikisika.

"Jaribu."

Bibi Tabitha alishika, akainuka, akaketi tena. Aliunusa mkono wake, uliokuwa umeloa utomvu.

"Unanata," alilalamika.

"Utakauka," alisema Elisifa, akatoka kwenda kulisha ng'ombe.