Karipio la Shimo la Moto

Barua ya tatu ilifika Jumanne, na Latrice Gadsden hakuifungua mpaka alipopata pumzi. Kutoka kwenye kisanduku cha barua pale barabarani hadi barazani kwa mama yake ni hatua arobaini tu, lakini mwaka ule hatua arobaini zilikuwa safari. Alijitupa kitini, akavuta dawa ya pampu mara mbili, akasubiri kifua kilegee. Ndipo akachana bahasha.

"Wamesemaje?" aliuliza mama yake, Bi Ernestine, kutoka jikoni alikokuwa akikoroga uji mzito wa mahindi.

"Wananishukuru kwa utumishi wangu."

"Sijakuuliza salamu. Nimekuuliza wamesemaje."

"Wamekataa, mama."

Mwiko ulitulia ndani ya sufuria. Bi Ernestine akatokea mlangoni, aproni imelowa kifuani. "Mara hii kwa nini?"

Latrice alimsomea. Ofisi ya mafao ya askari wastaafu ilikubali kwamba alikwenda vitani Iraki. Ilikubali pia kwamba mapafu yake ni mabovu. Ambacho haikukubali ni kwamba mambo hayo mawili yanajuana. Hapakuwa na karatasi hata moja, barua ilisema, iliyoonyesha kwamba Bi Gadsden alipata kuwa karibu na shimo la kuchomea taka. Alete uthibitisho ndani ya siku sitini.

"Karibu!" Latrice alifoka, na kule kufoka kukamletea kikohozi kilichomkunja. Kilipomwachia alisema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nikianika shuka, mama, inageuka nyeusi kabla haijakauka. Wanataka niwe karibu kiasi gani?"

Aliondoka South Carolina mwaka 2004 akiwa dereva wa lori katika kikosi cha akiba cha jimbo, msichana wa miaka ishirini na mitano aliyeweza kukimbia maili mbili huku akiimba. Kambi yao ilikuwa kaskazini ya Baghdad, na nyuma ya mahema kulikuwa na shimo kubwa kama uwanja wa mpira. Humo kila kitu kilitupwa: matairi, betri, plastiki, makopo ya rangi, dawa zilizoharibika, vinyesi. Kisha mafuta ya ndege yalimwagwa juu na moto ukawashwa, na moto huo haukuzimika mwaka mzima. Mara tatu kwa wiki, Latrice alirudisha lori lake nyuma mpaka ukingoni mwa shimo na kumwaga taka za kikosi.

Alirudi nyumbani na kikohozi. Wakamwambia ni vumbi. Akaendesha basi la shule miaka kumi na mitatu, hadi asubuhi moja aliposhindwa kupanda ngazi tatu za basi lake mwenyewe, watoto wakimtazama kupitia vioo. Daktari mmoja wa Charleston alimkata kipande cha pafu, akakipima, akarudi amekunja uso.

"Umewahi kufanya kazi kiwanda cha kemikali, Bi Gadsden?"

"Hapana, daktari. Nilikuwa jeshini tu."

Siku ile ya barua ya tatu alipiga simu ofisini. Mashine ilimwambia kwamba simu yake ni muhimu, kisha ikampigia kinanda kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Mwishowe akapokea kijana mwenye sauti ya upole.

"Unachohitaji, Bi Gadsden, ni nyaraka za kikosi chako. Orodha za zamu. Hizo zitaonyesha nani alipeleka taka na lini."

"Orodha za zamu hazipo."

"Kwani ziko wapi?"

"Zilichomwa."

"Zilichomwa na nani?"

"Na mimi."

Latrice alisikia kijana akiacha kubofya kompyuta yake.

"Wiki ya mwisho kabla hatujaondoka tuliamriwa tusibebe karatasi," Latrice alieleza. "Makabati mazima. Nikayapakia kwenye lori langu nikayamwaga shimoni. Lile lile shimo ambalo unataka nithibitishe nililiona."

"Naelewa," kijana alisema kwa unyonge. "Je, unayo karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ulizichoma?"

Latrice akakata simu. Aliiweka mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kwamba akiishika zaidi ataitupa dirishani.

Kesho yake alikwenda kwa Lucius Pinckney. Mzee huyu alipigana Vietnam, akanyunyiziwa sumu ya kuua majani huko, na ofisi ile ile ikamzungusha miaka kumi na tisa kabla ya kukubali kwamba sumu ni sumu. Tangu hapo alijitolea kila Jumatano kwenye ukumbi wa askari wastaafu kuwasaidia wenzake kujaza fomu. Meza yake ilijaa mafaili na makombo ya biskuti.

"Binti, kaa," alisema. "Wamekushukuru kwa utumishi wako?"

"Mara tatu."

"Ukishukuriwa mara tano utajua wameanza kukuzoea." Akasoma barua, akashusha miwani. "Tafuta shahidi. Mtu aliyekuona pale shimoni."

"Wawili wamekufa. Mmoja hajulikani aliko. Aliyebaki ni Sajini Boykin, na huyo simpigii."

"Kwa nini?"

"Alinichukia kuliko alivyouchukia mchanga."

Lucius hakubishana. Alichomoa fomu nyingine. "Basi tuombe faili lako lote la utumishi. Kila ukurasa. Chanjo, mishahara, saizi ya viatu. Watu huomba kipande kimoja, wanapewa kipande kimoja."

Faili lilichukua wiki saba. Lilipofika, siku tisa tu zilikuwa zimebaki. Latrice na mama yake walilitandaza juu ya kitanda wakaanza kuchambua. Zilikuwa kurasa mia mbili na kumi za mambo yasiyo na kazi. Jeshi lilijua jino gani liliong'olewa na tarehe ipi. Shimo halikutajwa.

Bi Ernestine ndiye aliyeshika ukurasa wa mia moja na themanini. "Hii nini? Wewe ulikaripiwa?"

Latrice alihisi uso umemwaka. Hakuwahi kumwambia mama yake. "Weka hiyo, mama. Ni upuuzi wa zamani."

Lakini Bi Ernestine alikwishaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "'Tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, Koplo Gadsden, akiwa kwenye zamu ya kumwaga taka katika shimo la kuchomea, alikutwa amejifunga usoni kitambaa cha maua kisicho sehemu ya sare. Alipoamriwa kukivua alijibu kwamba moshi unamuua. Koplo amekwisha kuonywa kwa kosa hili kwenye zamu tano zilizotangulia. Imetiwa saini, Sajini D. Boykin.'" Akainua macho. "Kitambaa cha maua? Kile nilichokutumia mimi?"

Latrice alichukua karatasi, akaisoma, akairudia. Shimo. Tarehe. Zamu sita. Hata moshi ulikuwemo. Kwa ajili ya karatasi ile alinyimwa cheo, akalia ndani ya lori siku nzima. Sasa alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka machozi, na mama yake akampiga mgongoni bila kujua ni kipi kati ya vitatu anakitibu.

Lucius alipoiona alivua kofia. "Miaka yote hii," alisema, "sijapata kuona mtu anaokolewa na utovu wa nidhamu."

Ofisi ilichukua miezi mitano kukubali. Latrice akapata fao la ulemavu na matibabu ya mapafu bila malipo, pamoja na mashine ndogo ya oksijeni ya kubebea begani. Walimshukuru kwa utumishi wake.

Mwezi uliofuata simu iliita, na sauti iliyopasuka ikasema, "Gadsden? Boykin hapa. Mzee Pinckney wa ukumbi wa wastaafu kanipa namba yako."

Upande wa pili Latrice alisikia pumzi aliyoifahamu vizuri, ile inayokwangua ikiingia na kukwangua ikitoka.

"Na wewe pia, sajini?"

"Na mimi pia. Wamenikataa mara mbili. Hakuna karatasi inayoonyesha kwamba nilikuwa shimoni."

"Wewe ulikuwa pale kila siku! Ulisimama ukingoni ukitupigia kelele!"

"Najua. Lakini mimi nani aliniandikia karipio?"

Latrice alitazama nje ya dirisha. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mtu huyu, na sasa yote yalionekana makubwa mno kwa pumzi aliyonayo.

"Kuhusu kile kitambaa," Boykin alisema. "Kanuni zilikuwa..."

"Usiniambie kanuni."

"Nilikuwa mjinga, Gadsden."

"Ndiyo, sajini. Kupindukia." Akavuta kiti. "Haya. Nitumie hiyo fomu ya shahidi."

Aliijaza siku hiyo hiyo ilipofika: kwamba alimwona Sajini Boykin ukingoni mwa shimo, asubuhi baada ya asubuhi, bila kitambaa usoni. Fomu ikarudishwa kwa sababu ilikuwa toleo la zamani. Akajaza toleo jipya. Likarudishwa kwa sababu shahidi hakuambatisha uthibitisho kwamba yeye mwenyewe alikuwepo. Akatoa nakala ya karipio lake, akaibana juu kabisa, akaipeleka posta kwa miguu yake, akipumzika mara nne njiani na kuilaani ofisi ile katika kila kituo.

Boykin alijibiwa baada ya miezi minane. Alikuwa bado hai kuifungua bahasha, akampigia Latrice kabla hajamaliza kuisoma.

"Wamekubali pafu la kushoto," alisema. "La kulia wanataka ushahidi."

Latrice alifumba macho. Kisha akamwita mama yake amletee kalamu.