Sema Wangu

Timu yetu inaitwa Mchanganyiko kwa sababu hatuna kazi moja. Timu nyingine saba za ligi yetu ya Jumapili zina watu wa mahali pamoja: wa idara ya maji, wa umeme, wa posta, wa kiwanda cha sabuni. Sisi tuliokotwa mmoja mmoja. Nahodha ni mwanamke, muuguzi wa wodi ya watoto, na anazungumza na sisi kama anavyozungumza na wagonjwa wake. Zege ni mwashi. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mikono yake. Mpira ukiigusa unarudi kama uliogonga ukuta. Mwalimu anafundisha darasa la sita. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaendesha gari la kusambaza mikate, na ndiye aliyeniingiza kwenye timu misimu miwili iliyopita. Mimi ni fundi saa, na wote wananiita Fundi.

Tunacheza mpira wa wavu. Asiyeujua mchezo huu anahitaji kujua jambo moja tu ili anielewe. Mpira ukija katikati ya watu wawili, mmoja lazima aseme "Wangu". Akishasema, mwenzake anampisha. Wasiposema wote wawili, mpira unaanguka chini huku wakitazamana.

Mimi nilikuwa sisemi. Nilicheza nyuma, upande wa kushoto, na Zege alicheza karibu yangu. Mpira ulipokuja kati yetu nilinyoosha mkono kumwonyesha njia, kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni. Sikufanya hivyo kwa woga. Siku nzima nakaa peke yangu na vitu vya watu, kila saa na karatasi yake yenye jina la mwenyewe, na kuna siku maneno yangu yote dukani ni "njoo Alhamisi". Ulimi ulikuwa umezoea kupumzika.

Baada ya kila mechi tunavuka barabara kwenda kwenye mgahawa, tunaunganisha meza mbili nje, na kesi inaanza. Aliyefanya kosa kubwa kuliko wote anashtakiwa, na akipatikana na hatia anawamiminia wote chai. Nahodha ni hakimu. Mwalimu anaendesha mashtaka. Shemeji ni wakili wa kila mtu, ingawa hajashinda kesi hata moja.

Jumapili moja, ikiwa imebaki mechi moja msimu uishe, mshtakiwa nilikuwa mimi.

"Mpira umeanguka kati ya mshtakiwa na Zege mara nne," Mwalimu alisema, ameshika kijiko kama chaki. "Mara nne, mheshimiwa. Ungekuwa mbegu, tungekuwa na shamba pale."

"Na Zege je?" Shemeji aliuliza. "Mbona hashtakiwi?"

"Mimi nilisema 'yangu'," Zege alijibu.

"Ndiyo maana mpira haukuja," Mwalimu alisema. "Mpira ni wangu. Mpira wangu, mipira yangu. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanajua."

"Nikisema yangu nina maana ya kazi. Hii kazi ni yangu."

"Basi ifanye."

Shemeji alisimama. "Mheshimiwa, mteja wangu ni mtu wa adabu. Tunamwadhibu mtu kwa kuwa na adabu?"

"Ndiyo," Nahodha alisema. "Fundi, mimina."

Nikamimina. Nilicheka na wenzangu, na ninasema kweli kwamba nilikuwa nimefurahi. Lakini vikombe vilipojaa, Nahodha aliweka simu mezani na kutuambia jambo lingine. Jumapili inayofuata, baada ya mechi, angepeleka orodha ya wachezaji wa msimu mpya. Ligi inaruhusu majina kumi. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, kwa sababu mwezi ule alikuwa ameanza kufanya mazoezi nasi kinyozi mmoja mrefu, anayeruka kama aliyekanyaga moto.

Hakutaja nani angeachwa. Watu waliangalia chai yao. Kinyozi mwenyewe alikuwa hapo, na yeye pia aliangalia chai yake.

Tulipokuwa tunavuka barabara kurudi, Nahodha alinivuta kando.

"Ndugu yangu, mikono yako haina shida. Lakini kwenye orodha siwezi kuweka mtu ambaye wenzake hawajui yuko wapi. Jumapili nataka kusikia sauti yako. Sema aaa."

"Aaa," nilisema.

"Unaona? Koo halina ugonjwa."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na jambo la kufikiria. Kabla Shemeji hajanivuta kwenye timu, Jumapili zangu zilikuwa kama Jumatatu, tofauti ni kwamba duka lilikuwa limefungwa. Sikutaka kuzirudia. Na sikuwa na haki ya kumlaumu Nahodha, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Basi nikafanya kama ninavyofanya na saa iliyosimama: sikuitikisa, nilitafuta sehemu moja inayokwama na kuifanyia kazi hiyo tu.

Jumatatu nilisema neno lile mara kumi kabla ya kufungua duka. Jumanne mara ishirini. Jumatano Shemeji alipita akiwa amemaliza kupeleka mikate, akakaa kwenye stuli ya wateja, akachukua kitambaa ninachofutia vioo na kukikunja kama mpira.

"Nakirusha. Sema."

"Wangu," nilisema.

"Hiyo ni siri unanipa? Tena."

"Wangu."

"Fundi, hata hizi saa zinakuzidi sauti. Tena."

Alikirusha juu sana, kikagusa dari. Nilisimama, macho kwenye kitambaa. Sikuona kwamba mwanamke mmoja ameingia, wala sikusikia kwamba alikuwa anasema, "Hodi, nimemfuatia mume wangu ile saa..."

"Wangu!" nilisema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mwanamke alisimama palepale. "Samahani?"

"Mpira," nilimwambia.

"Mume wangu ni mpira?"

Shemeji alikuwa amejificha nyuma ya saa ya ukutani iliyokuwa inasubiri kioo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi niliitafuta saa ya yule bwana kwenye droo ya A nikijua fika kwamba iko kwenye droo ya M. Nilipompa, alisoma karatasi yenye jina, akaipachua polepole na kuitia kwenye pochi yake.

"Saa ikikupendeza naweza kukuachia siku mbili tatu," alisema mlangoni. "Yeye hapana."

Kufikia Ijumaa timu nzima ilikuwa na habari hiyo. Zege alinipigia simu akiwa juu ya jukwaa la ujenzi ili tu aniulize kama mke wake yuko salama, au nachukua waume peke yao.

Jumapili tulicheza na timu ya idara ya maji, ambao tunawaita Mabomba. Mechi ilianza saa tatu asubuhi. Kinyozi alikaa kwenye benchi la akiba amevaa sare, magoti yamekunjwa hadi karibu na kidevu. Kabla ya mpira wa kwanza nilijiambia kwamba sitafanya hesabu ya mambo mengi. Jambo langu lilikuwa neno moja.

Katika seti ya kwanza nilisema mara mbili, taratibu, na Zege alinisikia kwa sababu alikuwa ameinama upande wangu kama mtu anayesikiliza redio mbovu. Tulishinda seti hiyo. Katika seti ya pili nilisema mara tano. Tulishindwa, lakini hakuna mpira hata mmoja ulioanguka kati yetu, na kila nilipogeuka niliona Nahodha ananitazama kidogo kisha anatazama mbele.

Seti ya tatu inachezwa hadi pointi kumi na tano. Tulifika mahali Mabomba wana kumi na nne, sisi kumi na tatu. Tukipata moja tunawafikia. Wakipata moja tunakwenda kunywa chai.

Mtu wao mmoja mnene, fundi wa mita, alipiga mpira mrefu wa juu. Ulipita juu ya wavu, ukapita juu ya Mwalimu, ukaja kati yangu na Zege. Niliuona vizuri, hadi mshono wake. Nilirudi hatua tatu nyuma na nikapaza sauti.

"Wangu!"

Waliokuwa wanacheza uwanja wa pili walisimamisha mchezo wao wakageuka. Mwamuzi aligeuka. Zege aliniambia baadaye kwamba yeye alisema "nje", na alisema mara mbili. Sikumsikia. Nilikuwa najisikia mwenyewe.

Mpira ulikuwa unakwenda nje. Ungeanguka hatua mbili nyuma ya mstari, nasi tungekuwa sawa, kumi na nne kwa kumi na nne. Niliupokea kwa mikono yote miwili, ukaruka pembeni, ukaenda kukaa kwenye uzio. Filimbi ikalia. Mabomba wakakumbatiana.

Nilibaki nimesimama nyuma ya mstari. Kisha Zege alikaa chini, pale pale sakafuni, akaanza kucheka bila sauti, mkono tumboni.

"Nilimpisha," alisema. "Wallahi nilimpisha. Ungesikia ile sauti na wewe ungepisha."

Kwenye mgahawa sikusubiri kuitwa. Nilikaa mwenyewe kwenye kiti cha mshtakiwa.

"Mshtakiwa," Mwalimu alianza, "ule mpira ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nje."

"Kwa hiyo ulikuwa umeshaaga, unajiendea zake, wewe ukaukamata njiani."

"Ndiyo."

"Mheshimiwa, sina swali zaidi. Huu ni utekaji."

Shemeji alisimama na kufunga kifungo cha shati ambacho hakikuwepo. "Mheshimiwa, wiki hii mteja wangu amejaribu kuchukua mume wa mtu mchana kweupe. Kwamba leo ameishia kwenye mpira, mimi naona amejirekebisha sana."

Hata Nahodha alicheka, na huwa anajizuia akiwa hakimu. Lakini mimi nilikuwa naangalia simu yake, iliyokuwa mezani mbele yake na fomu ya majina imefunguka. Nilikuwa nimefanya alichoniomba, na kwa kufanya hivyo nilikuwa nimetupotezea mechi. Sikujua angelipima vipi jambo hilo. Kama angemwandika kinyozi, nisingekuwa na neno.

"Mshtakiwa ana hatia," alisema. "Na mimi nina hatia pia. Nilimfundisha kusema, nikasahau kumfundisha kunyamaza. Hilo ni la msimu ujao."

Alimgeukia kinyozi. "Mdogo wangu, wewe utaingia katikati ya msimu, dirisha la usajili likifunguliwa. Mazoezi usiache."

Niliona limemgusa kinyozi, na kama ingekuwa mimi lingenigusa. Kisha akanitazama.

"Sawa, dada," alisema. "Lakini Fundi aje dukani kwangu nimnyoe. Sauti anayo sasa, labda nywele ndizo zinamzuia kusikia wenzake."

Nilimwahidi nitakwenda Jumanne, na nilikwenda. Ananyoa vizuri, na haongei sana, tofauti na nilivyodhani.

Nahodha alivuta simu karibu. Aliandika jina la Zege, la Mwalimu, la Shemeji, akaendelea chini hadi akafika kwenye nafasi ya kumi, kidole kikasimama.

"Msimu uliopita Shemeji wako ndiye aliyekujazia fomu," alisema. "Mimi sijui unaitwa nani. Wanataka majina matatu."

Nikamtajia.

"Sijasikia."

Nikayarudia yote matatu, langu, la baba na la babu, kwa sauti iliyowafanya watu wa meza ya jirani waweke vikombe chini.

"Hayo ni majina," Zege aliuliza, "au unatangaza treni?"