Manju Alivyomwibia Binti Yake Watu

Ukiambiwa kwamba watu wa Kanda ya Ziwa hawawezi kunyamaza, usikimbilie kubisha. Ungeuona uwanja wa gofu pale Geita Jumamosi ile, ungekubali mwenyewe. Tangu asubuhi watu walikuwa wakimiminika: wachimbaji wadogo wenye vumbi hadi kwenye nyusi, akina mama wa dagaa kutoka Nkome, madereva wa malori ya Isaka waliosikia kuna shughuli, na bodaboda ambao siku hiyo hawakuwa na abiria wala haraka. Wengi wao gofu waliijua kwa jina tu. Waliambiwa Tanzania inacheza na Uganda, timu za wanawake ambao mchezo huo ndio ajira yao, na kuingia ni bure. Sasa hapo nani angebaki nyumbani?

Limi, mmoja wa wachezaji wa Tanzania, aliwatazama akatamani kurudi alikotoka.

"Donatus," alimwambia mbeba fimbo wake, "hawa wote wametoka wapi?"

"Wamekuja kukuona, dada."

"Ndiyo maana nauliza."

Donatus akacheka na kutikisa begi la fimbo begani. Huyu bwana alikuwa mchimbaji kabla hajaingia kwenye gofu. Alikuwa akibeba viroba vya mawe kutoka duarani, chini kwenye shimo la dhahabu, na alipenda kusema kwamba begi la fimbo ni zito vilevile, ila halikuangukii kichwani. Alimjua Limi vizuri. Alijua kwamba kwenye mazoezi, akiwa peke yake na ndege, mwanamke huyu alikuwa anautia mpira shimoni kama anatia ufunguo kwenye kufuli la nyumba yake. Alijua pia kwamba akizungukwa na watu, mikono ile ile inageuka kuwa ya kuazima. Mwaka uliopita kule Uganda alikosa shimo ambalo hata mtoto angeweka kwa fimbo ya kuchungia mbuzi, mbele ya umati, na kombe likabaki kwa wenyeji. Tangu hapo Limi alikuwa akiliota shimo lile.

La ajabu ni kwamba huyu alikuwa mtoto wa manju. Mama yake, Asteria, aliongoza kikundi cha ngoma kule Tinde, mkoani Shinyanga, na sauti yake ilijulikana kuliko mbiu ya mwenyekiti wa kijiji. Watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Limi alipokuwa mdogo aliingizwa ngomani na njuga miguuni, akaona macho yote yale, akatoka mbio mpaka kwenye mtama na njuga zake zikilia. Mama alicheka mpaka akakaa chini, lakini moyoni iliuma. Baadaye binti akaanza kumfuata mjomba wake, aliyekuwa mkata nyasi kwenye uwanja wa gofu wa mgodi wa almasi, uwanja wa zamani ambako sehemu zenye mashimo zilikuwa za mchanga uliomwagiwa oili chafu. Pale akakuta mchezo ambao watazamaji wanaambiwa wakae kimya. Akasema, huu ndio wangu.

Ila hakujua kwamba kimya cha watu wengi ni kibaya kuliko kelele zao.

Kapteni wa timu alimpanga Limi mechi ya mwisho, akiamini kwamba mpaka afike mwisho mambo yatakuwa yameshaamuliwa na wenzake. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Wenzake walishinda na kushindwa, wakashinda na kushindwa, na ilipofika alasiri timu zilikuwa sawa kabisa. Mechi iliyobaki ilikuwa moja, ya Limi na Resty Nakato wa Uganda, mwanamke mrefu mcheshi aliyekuwa akitembea huku anatafuna muwa. Wao nao walikuwa sawa. Na sare ingewafaa Waganda, kwa sababu kombe lilikuwa kwao na asiyeshinda hamnyang'anyi bingwa. Limi ilikuwa lazima ashinde.

Hapo ndipo Fuso likaingia.

Lilitoka Tinde likapita Kahama, na nyuma lilikuwa limejaa kikundi kizima, ngoma, majembe ya kuchezea na Asteria mwenyewe akiwa amesimama mbele ameshika bomba utadhani yeye ndiye dereva. Alishuka, akakata uwanja katikati bila kumwuliza mtu, na kumkuta binti yake kati ya shimo moja na jingine.

"Shikamoo, mayu," Limi alisema, magoti yakiinama yenyewe.

"Marahaba, ng'wanone. Mbona umekonda? Haya, mpinzani wako ni yupi?"

"Yule pale mwenye muwa."

Asteria akamtazama Nakato juu mpaka chini, kisha akaanza kutazama huku na huku. "Na watu wake wako wapi? Naona watu wa upande mmoja tu."

Usimcheke. Kwa Wasukuma, baada ya mavuno, manju wawili huingia uwanja mmoja, kila mmoja na kikundi chake, na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye filimbi. Watu wenyewe ndio majaji: wanakimbilia kwenye utamu, na yule ambaye watu wamemkimbia ndiye ameshindwa. Asteria aliwahi kukimbiwa mara moja. Alibaki yeye, wapiga ngoma wake na mbwa mmoja aliyelala, na mpaka leo ukitaka ugomvi naye mkumbushe siku ile.

"Mayu, huku watu hawahesabiwi," Limi akamweleza. "Tunacheza pamoja, na watu ni wetu wote. Anayeweka mpira shimoni kwa mapigo machache ndiye anachukua shimo."

"Hata kama hakuna anayetazama?"

"Hata kama hakuna hata mmoja."

Asteria alifikiri kidogo. "Basi huo si mchezo," alisema. "Hiyo ni kazi."

Lakini akafuata. Alitembea ukingoni mwa nyasi na kanga yake begani, na kila Limi alipopiga mpira mrefu yeye alipiga kigelegele kabla mpira haujaondoka. Mwamuzi, Bwana Deusdedit, mtaratibu mwenye kofia nyeupe, alimfuata mara kwa mara kumwomba asubiri. Asteria alimshukuru kwa adabu zote, "wabeja, baba," kisha akaendelea.

Walifika shimo la mwisho bado wako sawa. Nakato akamaliza kwa mapigo matano, akainua mikono juu, akatabasamu na kujiweka pembeni. Limi alikuwa amepiga matatu. Mpira wake ulilala kwenye nyasi fupi, karibu na shimo, karibu kiasi cha kukera. Ukiingia, ni manne, na kombe linakuja nyumbani. Ukikosa, ni sare, na kombe linapanda gari kurudi Kampala.

Watu wote waliokuwa wametawanyika uwanjani wakaja. Walifanya duara kulizunguka shimo, mbele wamechuchumaa, nyuma wamesimama, wengine wamepanda migongoni mwa wenzao. Mchimbaji mmoja alichungulia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Shimo lenyewe dogo hivi, na dhahabu hamna. Sasa wanagombea nini?" Watu wakacheka. Bwana Deusdedit akainua mkono. Kicheko kikakatika, na kimya kikatua.

Limi aliinama juu ya mpira. Akaiona mikono yake ikitetemeka. Akarudi nyuma, akajifanya anapangusa fimbo. Akainama tena. Aliyaona macho bila kuyatazama, aliyasikia yakimpanda mgongoni, na shimo likaanza kuonekana dogo kuliko mpira. Akarudi nyuma tena. Aliogopa, na aliona aibu kwa kuogopa, na aibu ile ikazidisha hofu.

"Taratibu, dada," Donatus alisema, naye jasho linamtoka.

Asteria alikuwa mstari wa mbele. Aliiangalia mikono ile. Alikuwa ameiona siku nyingi zilizopita, ikiwa midogo, siku mtoto alipotoka mbio kuelekea kwenye mtama. Akajipenyeza kwa watu, akamfikia mpiga ngoma wake, akamwambia neno sikioni. Kisha akapita karibu na binti yake, karibu kiasi kwamba Bwana Deusdedit alifungua mdomo kumkataza.

"Ng'wanone," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuibia watu. Usinililie."

Akaondoka. Limi hakuelewa, na kwa kitambo kile kifupi moyo wake ulikatika kweli. Manju kumchukulia mwenzake watu ni kumshinda, ni kumvua nguo hadharani, na huyu alikuwa mama yake. Kule kwenye maegesho, nyuma ya miti, ngoma ikaanza kulia. Watu wakageuza shingo, lakini hawakutoka. Ndipo sauti ya Asteria ikapaa: "Benjamini! Mtoe!"

Kumbe ndani ya Fuso kulikuwa na kapu, na ndani ya kapu kulikuwa na chatu. Askari wa getini waliambiwa ni viazi. Mzee Benjamini, mcheza na nyoka wa kikundi, akamtoa na kumvaa shingoni. Mtu mmoja akapiga ukelele, "Joka! Joka kubwa!"

Jamani, gofu ni mchezo mzuri, lakini haujafikia chatu. Duara likapasuka. Wachimbaji wakakimbilia maegesho, akina mama wa Nkome wakakimbia huku wameshika kanga, bodaboda wakaruka bendera. Hata mpiga picha wa gazeti alikwenda. Punde nyasi zilikuwa tupu, na ngoma kule mbali ikawa inasikika kama mtu anayetwanga kwenye nyumba ya jirani. Walibaki Limi, Donatus, Nakato, mbeba fimbo wake na Bwana Deusdedit, ambaye mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea maegesho.

Limi akatazama miti ile. Mama yake alikuwa ametoka Tinde kwenye mgongo wa lori kuja kumwona akicheza kwa mara ya kwanza maishani. Na sasa alikuwa amempa mgongo, anacheza nyuma ya miti, ili asimwone. Machozi yakamjia, na kicheko pia, vyote kwa pamoja.

"Bambi, Limi," Nakato akambembeleza, "piga basi, nami nataka kumwona huyo nyoka."

Limi akacheka. Akainama, akapiga. Mpira ukatembea bila haraka, ukafika ukingoni, ukaanguka ndani.

Donatus alitupa begi chini na kuruka kama aliyekuta jiwe linalong'aa. Nakato akamkumbatia Limi kwa nguvu mpaka kofia zao zikaanguka. Bwana Deusdedit akavua ya kwake, akapiga makofi peke yake.

Habari ikafika maegesho ikiwa midomoni mwa Donatus, na hapo furaha ikachanganyika na ghadhabu. Walifurahi kwamba Tanzania imechukua kombe. Walikasirika kwamba hawakuona. "Tumeacha dagaa juani kwa ajili hii!" mama mmoja wa Nkome alilalamika. "Irudiwe!" akadai dereva wa Isaka. "Irudiwe! Irudiwe!" Wakarudi kwa mbio zile zile walizoondokea, wakamzunguka Limi tena, safari hii na mzee Benjamini na chatu wake katikati yao.

"Matokeo ni matokeo," Bwana Deusdedit akatangaza. "Hayabadiliki." Kisha akakuna kidevu. "Ila hakuna kanuni inayomkataza mtu kuonyesha."

Limi akatikisa kichwa. Kombe liko mkononi, ya nini tena kujitafutia aibu? Alikuwa anatafuta pa kupita alipomwona mama yake akija, jasho limemlowesha, kanga imefungwa kiunoni, anahema.

"Wote hawa waliona chatu," Asteria alisema. "Mimi chatu nimemzoea. Mimi ndiye sijaona kitu."

Sasa hapo mtoto angekataa vipi? Limi akauweka mpira palepale ulipokuwa. Kimya kikatua. Mikono ikaanza tena, ile ile ya kuazima. Akapiga.

Mpira ukapita kando ya shimo, ukaendelea na safari zake, ukasimama karibu na viatu vya mzee Benjamini.

Kilikuwa kile kile alichokuwa akikiota mwaka mzima, na kilikuwa kimetokea, na mama yake alikuwa amekiona. Limi alisubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Dada," yule mchimbaji akauliza, "ile ya kwanza iliingia kweli?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka sokoni. Nakato aliketi chini. Bwana Deusdedit aligeuka kando ili mabega yake yasionekane. Na Limi, mtu wa kukimbilia kwenye mtama, akajikuta anacheka kuliko wote, ameegemea fimbo yake, katikati ya macho yale yote.

"Gashi!" Asteria akapaza sauti, anajipangusa machozi. "Kumbe ni kagumu hivi! Kapige tena, ng'wanone."

Limi akauokota mpira, akaurudisha mahali pake. Akakosa tena. Akaurudisha. Jua lilianza kushuka nyuma ya lundo la kifusi cha mgodi, na wala hakuna aliyeondoka.