Mgonjwa wa Njiro

Kwa miaka miwili mizima Naisula wa Njiro alikuwa amepooza miguu yote miwili, na mtu pekee ambaye hakuwa na habari hizo ni Naisula mwenyewe.

Aliyempoozesha ni Hanna, rafiki yake tangu walipolala bweni moja shuleni. Usimhukumu haraka. Hanna hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mke wa mkulima wa kahawa huko juu ya Usa River, mama wa watoto wanne, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, na mpishi wa chai ya wazee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa. Lakini mtu akishapalilia migomba, akakama ng'ombe, akachuma kahawa na kuimba sauti ya pili wiki nne mfululizo, mwili nao hudai haki yake. Haki ya mwili wa Hanna ilikuwa mbuzi wa kuchoma, ndizi za kuchoma, bia mbili za moto kwa sababu ya meno, na bendi ya zilipendwa. Vyote hivyo vilipatikana Njiro, kwenye bustani ya nyama ya Kisioki, kila Jumamosi mchana.

Sasa, huko kwao mwanamke wa makamo hawezi kuaga kwamba anakwenda mjini kula raha. Akithubutu, jumuiya nzima itakuja kumwombea. Ila akisema anakwenda kumwona mgonjwa, hata mume atamtafutia mwamvuli. Basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Hanna na jirani yake Catherine walijifunga vitenge, wakaaga kwamba wanakwenda Njiro kumwona yule rafiki yao aliyepooza, wakashuka hadi kwenye lami. Hapo aliyepooza aliwapitia, akiendesha gari lake mwenyewe na kutafuna bazoka.

Ubaya wa uongo wa namna hii ni kwamba mgonjwa haendewi mikono mitupu. Majirani walileta maziwa, mkungu wa ndizi, viazi. Naisula, nesi mstaafu aliyefiwa na mumewe na ambaye watoto wake wote wako mbali, alipokea kila kitu kwa moyo mweupe na kusema watu wa Meru ni wakarimu kupita kiasi. Bibi Nkasiogi, mwenye kuku wawili tu duniani, alituma mayai matano yaliyofungwa kwenye gazeti, mwezi baada ya mwezi. Mayai yale yalimtia Hanna aibu, aibu ya kweli. Ilimkaba hadi walipopita Makumira. Baada ya hapo ilianza kulegea, na walipofika kwenye harufu ya nyama ya Kisioki ilikuwa imekwisha.

Jumamosi tunayoisimulia, Catherine alikuwa na wasiwasi tangu nyama haijafika mezani.

"Mama Gidion, leo tungebaki nyumbani," alisema. "Kura ni kesho."

"Leo ni leo," Hanna alimjibu, "asemaye kesho ni mwongo."

Lakini naye kura ile ilikuwa kichwani mwake. Kesho yake, baada ya ibada, jumuiya yao ingemchagua mzee wa kanisa wa kukaa kwenye kiti kimoja kilichobaki wazi, na Hanna alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine tangu aolewe. Hakukitaka kwa ajili ya cheo. Alikitaka kwa ajili ya jiko. Miaka kumi na tisa wanawake wa usharika walipika chini ya turubai, mvua ikiwanyeshea mgongoni na moshi ukiwatoboa macho. Na kila mwaka wazee walijadili suala la jiko huku wakinywa chai iliyopikwa mvuani humohumo, wakaliahirisha, wakaomba waongezewe sukari. Hanna alikuwa ameapa kwamba siku atakayoketi upande wa pili wa birika, jiko litapata paa.

Mpinzani wake alikuwa Mzee Frederick, ambaye uzee wake bado ulikuwa wa umri tu, si wa kanisa. Zamani alikuwa mnywaji mwenye jina kuanzia Usa River hadi mjini. Kisha akaokoka, ila pua yake haikuokoka pamoja naye. Bado iliweza kutambua chupa iliyofunguliwa nyumba ya tatu. Tangu hapo alikuwa mtu wa maombi marefu, na aliamini kwa dhati kabisa kwamba maombi yake yanafika mbali kuliko ya wengine.

Naisula alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kucheza, jasho linamtiririka, kiatu kimoja mkononi kwa kuwa kisigino kilikuwa kimevunjika, ndipo simu ya Hanna ikaita.

"Bwana asifiwe, Mama Gidion," ilisema sauti ya Mzee Frederick.

"Asifiwe milele. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumeona si vizuri mzigo wa yule mgonjwa muubebe ninyi wawili peke yenu. Tumekuja wazee watatu na gari la usharika. Tuko hapa Njiro, kituo cha mafuta. Nyumba ni ipi?"

Mpiga gitaa alichagua wakati huohuo kupandisha.

"Nasikia muziki," alisema Mzee Frederick.

"Ni majirani, mzee. Wana sherehe. Sisi ndiyo tunamwogesha mgonjwa. Tupeni nusu saa, nitawaelekeza."

Alikata simu. Uso wake ulikuwa umepauka hata Catherine hakuhitaji kuuliza. Naisula ndiye aliyeuliza.

"Mgonjwa gani?"

Hanna alitazama kachumbari. "Ni wewe."

"Mimi? Naumwa nini?"

"Miguu. Imepooza."

"Tangu lini?"

"Kwaresima ya mwaka juzi."

Naisula aliweka kiatu mezani taratibu. "Hanna. Mmenilaza kitandani miaka miwili na hamkuniambia? Na yale mayai?"

"Ya ugonjwa."

"Na mie niliwatumia salamu kwamba nimeyapenda, waniongeze."

"Ndiyo maana walizidi kukuonea huruma," alisema Catherine.

Naisula aliwageuzia mgongo. Hanna alidhani urafiki wa miaka arobaini umeishia pale, kwenye sahani ya mifupa. Kisha mabega ya Naisula yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Haya," alisema, akijifuta macho. "Nimeuguza watu miaka thelathini na mitano. Kama ni kuumwa, niachieni mimi." Akainua chupa yake ya tatu, iliyokuwa imefunguliwa sasa hivi, na kuimaliza amesimama, kwa sababu bia iliyofunguliwa haiachwi.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili tu. Kwa dakika ishirini walifanya kazi ya siku nzima. Wigi likaingia kabatini, rangi ya mdomo ikafutwa, kichwa kikafungwa kanga. Naisula aliagiza blanketi zito, akieleza kwamba mguu uliopooza hukonda, na miguu yake haikuwa na dalili hiyo. Catherine alimpaka mafuta ya kuchua mwili mzima hadi chumba kikawasha macho, kisha akatafuna tangawizi mbichi na kumpa Hanna kipande. Hanna akapiga simu kuwaelekeza wageni, na Catherine alipotaka kumpa mgonjwa kipande chake, geti likagongwa.

Wazee waliingia na chupa ya uji, kuku hai na nyuso za huzuni. Wakampa mgonjwa pole, naye akaitikia kwa sauti iliyotoka mbali. Mzee Frederick alisogea karibu na kitanda, akasimama, akavuta hewa mara mbili.

"Kuna harufu fulani hapa," alisema.

"Spiriti, mzee," alisema mgonjwa. "Wananisugua."

Mzee Frederick aliitikia kwa kichwa, akakunja mikono ya shati, akaweka viganja juu ya miguu ya Naisula na kuanza kuomba. Alianza na uumbaji, maji yakitengwa na nchi kavu. Akaingia kwenye gharika, akaieleza mvua yake siku moja baada ya nyingine. Hapo Naisula alifungua jicho moja na kumtazama Hanna, na Hanna akaelewa. Chupa tatu zilikuwa zimefika mwisho wa safari yao. Mzee Frederick akavuka bahari iliyogawanyika. Akanywesha makundi ya kondoo kisimani. Alipofika mtoni na kuanza kueleza maji yanavyotiririka, jasho lilikuwa linamtoka mgonjwa usoni, na wale wazee wengine wawili, waliofumbua macho kwa udadisi, walishuhudia blanketi likitetemeka.

"Simama sasa, mama!" alinguruma Mzee Frederick. "Simama uende!"

Naisula alisimama, akaenda. Alirusha blanketi, akampita Mzee Frederick, akaruka chupa ya uji na kukimbia ukumbini kama mtu wa miaka ishirini, na mlango wa choo ukajifunga nyuma yake kwa kishindo.

Mzee Frederick alitazama viganja vyake, machozi yakaanza kumdondoka, machozi ya kweli kabisa. "Ametembea," alisema. "Amekimbia." Naisula aliporudi, ametulia na mwenye furaha isiyo na kifani, mzee alimshika mkono na kumwagiza kesho aje kanisani atoe shukrani, maana aliyeponywa na asishukuru, ugonjwa humrudia. Naisula, aliyekuwa tayari kuahidi chochote, aliahidi.

Usiku ule Hanna hakulala. Alikuwa amemjengea mpinzani wake muujiza kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwa na namna ya kuubomoa bila kujifukia humo.

Asubuhi kanisa lilijaa hadi nje. Habari zilikuwa zimepanda mlima kabla ya gari la usharika. Mzee Frederick alisimulia, akaonyesha alivyoweka viganja, akaonyesha na mbio zenyewe, akina mama wakapiga vigelegele. Bibi Nkasiogi alilia kwa sauti na kusema mayai yake hayakwenda bure. Kwa Hanna, hilo lilipita kiasi. Aliona jiko likiondoka na turubai likibaki, lakini zaidi aliona yale mayai matano, na akajua hawezi kukaa kimya zaidi. Akasimama ili aseme ukweli wote, nyama, bia na bendi, wamfanye watakavyo.

"Mchungaji," alianza, "yule mgonjwa..."

"Yule mgonjwa ni huyu hapa," ilisema sauti mlangoni, na Naisula akaingia na wigi lake na viatu vipya. Kanisa zima likasimama.

Alipewa kipaza sauti. Alimtafuta Hanna kwa macho.

"Mimi nimetumwa nishukuru," alisema. "Mzee Frederick namshukuru. Ameniombea nusu saa, na sitaisahau nusu saa ile. Lakini niseme kweli. Tangu nifiwe, ndani ya nyumba ile nilikuwa naamka kwa sababu jua limetoka, si kwa sababu nina pa kwenda. Kuna wiki nilikuwa sibadilishani neno na mtu. Hawa wawili, Hanna na Catherine, miaka miwili hawakukosa mwezi hata mmoja. Walinikatia nyama wakaniwekea mkononi. Walinishika mkono wakasema simama, tucheze, hata siku ambazo sikutaka kusimama. Kama si wao, mngekuja kunizika."

Hakuna uongo aliousema. Hanna alimsikiliza mdomo wazi. Miaka miwili alidhani anaenda kula nyama kwa kisingizio cha mgonjwa, na mgonjwa alikuwa ameketi mbele yake muda wote, akicheka kuliko wote. Aliketi, akajifunika uso kwa kitenge, akalia, na waumini wakaona ni unyenyekevu.

Kura ilikuwa fupi. Mzee Frederick alipata kura za wale wazee wawili na yake mwenyewe.

"Mzee wetu mpya wa kanisa huduma yake tumeisikia," alisema mchungaji. "Nampa wagonjwa wa usharika mzima. Kila Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Na Mzee Frederick ataongozana naye kwa maombi."

Kanisa likapiga makofi. Catherine alifumba macho kama mtu aliyesikia habari za msiba. Hanna alisimama, bado macho mekundu, lakini akili yake ilikuwa imekwisha rudi kazini.

"Nakubali, mchungaji. Ila wagonjwa wanapikiwa, na mimi sitapika tena mvuani. Jiko liezekwe kwanza, mwezi huuhuu."

Mchungaji aliwatazama wazee, wazee wakamtazama Bibi Nkasiogi aliyekuwa bado analia, na hakuna aliyethubutu kuahirisha.

Nje, watu walipokuwa wakisalimiana, Naisula alimvuta Hanna kando. Hakuwa anacheka.

"Jiko umepata," alisema. "Na mimi je? Jumamosi nani atakuja kunitoa ndani?"

"Orodha naandika mimi," alisema Hanna. "Wa kwanza ni wewe. Aliyepooza miaka miwili lazima afuatiliwe. Ila Frederick naye atakuja."

Naisula alimtazama Mzee Frederick, aliyekuwa kwenye ngazi za kanisa akionyesha viganja vyake kwa kundi la vijana wa kipaimara.

"Na aje," alisema. "Lakini mwambie aombe kabla hatujaenda kwa Kisioki."